Glasi Mbili za Kijani

Kopo la kwanza lilipofika, Dobi alidhani ni rangi ya ukuta. Alilipokea kwa mleta vifurushi pale mlangoni mwa duka, akalitikisa karibu na sikio, akalifungua kwa ncha ya mkasi. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto mchanga, unaonuka nyasi zilizokatwa jana. Aliinama kuunusa vizuri, chafya ikamtoka, na wingu la kijani likapanda, likatua taratibu juu ya shati jeupe la mwanasheria mmoja, shati lililokuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa. Shati likarudi kwenye beseni.

Binti yake alipopiga simu ya video na kusikia habari hiyo, alicheka hadi akajifuta machozi.

"Baba, hiyo si ya kunusa. Ni ya kunywa!"

"Ya kunywa? Kwani nimekukosea nini, mama?"

"Ni mboga, Baba. Mboga tupu, zimekaushwa zikasagwa. Hebu soma hapo kwenye kopo."

Dobi alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama mtu aliyekabidhiwa mashtaka yake mwenyewe. Mlonge. Spinachi. Brokoli. Majani machanga ya ngano. Mwani. Chini yake yakafuata madini ya chuma ya kusaidia damu, nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, na vitamini karibu za alfabeti nzima.

"Wamesahau kuandika kwamba inapiga pasi," alisema.

"Kijiko kimoja kila asubuhi. Mimi nakunywa yangu huku, wewe unakunywa yako huko. Na nataka nikuone kwa macho yangu ukimeza."

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi, kabla pasi hazijashika moto, Dobi aliegemeza simu kwenye kopo la wanga, akakoroga kijiko chake kwenye glasi ya maji. Upande wa pili binti alikoroga chake, amevaa koti zito, nyuma yake dirisha lenye ukungu. Aliishi nchi ya baridi, mbali, akifanya kazi kwenye ghala la kupakia vifurushi. Walihesabu pamoja, moja, mbili, tatu, wakanywa. Kisha wakatazamana, kila mmoja na masharubu ya kijani, na yule aliyekunja uso kwanza ndiye aliyeshindwa.

Dobi alikuwa na jina lake la kuzaliwa, ila mtaa mzima ulikwisha kulisahau. Duka lake lilikuwa na vyumba viwili: cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala. Mkewe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa duka na mume alikuwa mikono. Mke alipokea nguo, akauliza watoto hawajambo, akasuta waliochelewa kuchukua suruali zao, akasikiliza ugomvi wa watu na kuamua kesi. Dobi alipiga pasi na kutabasamu. Mke alipofariki, wateja hawakuhama, maana mikono ilikuwa ile ile, lakini hawakukaa tena. Waliweka nguo mezani, wakauliza lini, wakaenda zao. Kuna siku alifunga duka jioni akagundua kwamba neno refu kuliko yote alilolitamka tangu asubuhi ni "keshokutwa."

Kwa hiyo unga ule ulikuwa na manufaa. Hata tumbo lake, lililokuwa gumu kama mlango wa jela tangu aanze kula mkate na chai peke yake, lililegea. Usoni alipata nuru. Mshona nguo wa duka la pili, mama mwenye watoto wengi na ulimi usio na breki, aliliona hilo kabla ya wote.

"Mzee Dobi, siku hizi unatembea kama bwana harusi. Una siri gani?"

"Majani."

"Majani! Basi mbuzi wote wangekuwa mabwana harusi."

Alicheka naye. Hakumwambia kwamba binti yake hata angemtumia kopo la majivu, angeyakoroga na kuyanywa, mradi simu ilie asubuhi.

Na binti naye alikuwa na sababu ya kutaka kuona glasi ikiisha. Mama yake alipoanza kuugua, yeye alikuwa katikati ya mitihani kule ugenini. Wazazi wakakubaliana wasimvuruge, akimaliza, wangemwambia. Ugonjwa haukungoja. Binti alifika nyumbani akakuta udongo bado mbichi. Hakupiga kelele wala hakulaumu, alikaa siku chache akarudi alikotoka, lakini tangu hapo akimuuliza baba yake, "Umekula? Umelalaje?" haikuwa salamu. Alikuwa anapekua.

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo upekuzi wake haukulifikia. Kusimama tangu asubuhi hadi jioni mbele ya meza ya pasi kulikuwa kumemletea Dobi donge la damu kwenye mguu wa kushoto. Alilazwa kidogo, akatoka na vidonge vya kuzuia damu isigande, na miadi ya kupimwa damu kila baada ya muda. Hakumwambia binti. "Nimwambie ili iweje?" alijiuliza. "Yuko mbali, atakosa usingizi bure." Vidonge akaviweka nyuma ya kopo la wanga, lile lile alilolitumia kuegemezea simu, mahali ambapo jicho la simu halikuweza kuviona.

Hospitali walikuwa wamemwonya: asinywe dawa nyingine yoyote bila kuwaambia. Lakini mboga ni dawa tangu lini?

Siku ya kupimwa ilipofika, muuguzi alitazama majibu akakunja paji.

"Baba, damu yako imekuwa nzito. Vidonge unameza kweli?"

"Nameza, mwanangu."

"Huruki siku?"

"Siruki."

Wakampandishia dawa. Safari iliyofuata damu bado ilikuwa nzito, wakampandishia tena. Kisha asubuhi moja, akiwa anapiga pasi mapazia ya hoteli, aliuhisi mguu wa kushoto unajaa ndani ya suruali. Alizima pasi, akavuta kiti, akapandisha suruali. Ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, ina moto. Alikaa akiutazama mguu ule kana kwamba mteja ameusahau dukani. Halafu akafunga duka na kwenda hospitali.

Muuguzi aliupima kwa utepe, akaufananisha na wa kulia, akatikisa kichwa. Alipoinuka, macho yake yakatua kwenye kola ya Dobi, penye doa la kijani.

"Dobi mzima una doa?"

Dobi alishika kola. "Ni mboga tu."

"Mboga imepandaje hadi shingoni?" muuguzi alicheka.

"Mboga ya kunywa."

Muuguzi aliacha kucheka. "Ya kunywa vipi, baba? Hebu nieleze."

Alieleza. Kabla hajamaliza, muuguzi alikuwa ameshamwita daktari, mama mmoja mwenye sauti ya pole, ambaye alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Dobi alijua si dalili njema.

"Ni sumu, daktari?"

"Wala. Ni chakula kizuri. Mtu asiyepata mboga za kutosha, kijiko hicho kinamsaidia. Kina chuma, kina vitamini, tumbo linafunguka. Hakishindi sahani ya mboga iliyopikwa, lakini si uongo mtupu. Tatizo ni wewe na vidonge vyako. Majani ya kijani yana vitamini K nyingi, na unga huo ni majani yaliyokusanywa mengi ndani ya kijiko. Vitamini hiyo husaidia damu kuganda. Ndiyo maana mtu akijikata, damu hukatika. Vidonge vyako navyo kazi yao ni kuzuia isigande. Sasa wewe kila asubuhi unavuta kamba pande zote mbili."

"Kwa hiyo nisile mboga tena?"

"Kula. Mboga zako za kawaida, kiasi kile kile cha siku zote, si leo fungu zima na kesho hata jani. Unga huu uache. Na tutashusha dawa, maana tuliipandisha kushindana nao. Ukiacha unga na dawa ikabaki juu, damu itakuwa nyepesi kupita kiasi. Kwa hiyo usikose kupimwa. Umenielewa, mzee wangu?"

Alielewa. Walimpiga picha ya mguu, wakakuta donge jingine, dogo, likiwa limejibanza nyuma ya goti. Muuguzi alipokuwa anamfunga bandeji, alimuuliza nyumbani anaishi na nani.

"Nina binti."

"Yupo hapo nyumbani?"

"Yupo kwenye simu."

Muuguzi alimaliza kufunga bandeji kabla ya kujibu. "Basi mwambie. Mficha maradhi, kifo humfichua."

Dobi alikuwa ameisikia methali hiyo maisha yake yote. Siku hiyo ndipo alipoisikia kama imetungwa kwa ajili yake.

Njia nzima ya kurudi aliyapanga maneno. Lakini kila alipoanza aliona lazima aseme mambo matatu kwa mpigo: kwamba ana ugonjwa, kwamba aliuficha, na kwamba kile kitu ambacho mtoto wake alikuwa akimtumia kwa mapenzi yote kilikuwa kimemrudisha hospitali. La kwanza na la pili angejikaza akayasema. La tatu lilimshinda. Aliingia dukani kwa muuza vyombo, akanunua kikombe kizito cha kijani kisichoonyesha kilicho ndani.

"Kulikoni kikombe?" binti aliuliza asubuhi yake.

"Glasi imevunjika."

"Pole. Haya. Moja, mbili..."

Alikunywa maji matupu akakunja uso kwa ufundi. Binti akapiga makofi, alikuwa ameshinda.

Ikawa hivyo kila siku. Uvimbe wa mguu ulianza kushuka, damu ikaanza kurudi mahali pake, na Dobi akazidi kunyauka moyoni. Zamani alikuwa mpweke kutwa nzima, ila asubuhi alikuwa na mtu. Sasa hata asubuhi hakuwa naye, kwa sababu yule aliyekuwa anachekeshana na binti yake kwenye simu hakuwa yeye; alikuwa mzee mmoja mzima wa afya, anywaye majani, asiye na mguu mbovu. Dobi alimsikiliza mzee huyo akiongea na akamwonea wivu. Simu ikikatika alibaki ameshika kikombe, akiwa hana hamu hata ya kuwasha pasi.

Makopo yaliendelea kuja. Aliyapanga chini ya kitanda.

"Baba, uso wako umeng'aa," binti alimwambia asubuhi moja. "Yaani nakutolea mfano kwa kila mtu. Unamkumbuka yule dada ninayefanya naye kazi, yule mrefu? Mama yake ana shida ya damu kuganda, anameza vidonge. Amechoka, hana nguvu, hali chakula vizuri. Nimempa kopo zima jana ampelekee. Nimemwambia, baba yangu mimi anakunywa kila siku, mtazame alivyo!"

Dobi alikiweka kikombe mezani.

"Ameanza kunywa?"

"Nani?"

"Huyo mama. Ameanza?"

"Sijui. Labda leo. Kwani vipi?"

"Mwambie asinywe."

Binti alicheka. "Baba na wewe! Umekuwa mchoyo wa majani?"

"Mama, nisikilize. Mwambie asinywe kabla hajamuuliza daktari wake. Vidonge hivyo na unga huu havipatani. Damu inaganda." Aliona sura ya binti inabadilika, lakini alikuwa ameshashika njia, akaogopa kwamba akisimama hatatembea tena. "Mimi ninavimeza. Nina donge la damu mguuni, tangu mwaka jana. Sikukwambia. Unga ulinirudisha hospitali, wakaniambia niache, nikaacha. Humu kwenye kikombe ni maji."

Alikiinamisha kikombe mbele ya simu, kimwonyeshe. Maji yakamwagika mezani.

Kinywa cha binti kilikuwa bado cha kijani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni, "Ngoja nimpigie yule kwanza." Kioo kikawa cheusi.

Kesho yake simu haikulia. Keshokutwa pia. Dobi aliiegemeza pale pale kila asubuhi, akapiga pasi huku akiitazama kwa jicho la pembeni, mpaka akaiunguza kola ya mteja, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu ujanani. Mshona nguo aliyesikia harufu ya kitambaa kilichoungua alichungulia mlangoni.

"Mzee Dobi, leo sijasikia kuhesabu."

"Tumekosana."

"Na binti? Kwa nini?"

"Nilimficha ugonjwa."

Safari hii ulimi wake ulipata breki. Aliingia, akasogeza kiti karibu na meza ya pasi, akakaa akashonea vifungo vya sare za shule. Alikaa hadi watoto wake waliporudi wakaanza kuita, naye akaenda. Ilikuwa fadhila kubwa, na Dobi aliijua kuwa ni fadhila. Lakini alipoondoka kiti kilibaki pale katikati ya chumba, na duka likaonekana tupu kuliko lilivyokuwa kabla hajaja.

Binti alipiga Jumapili mchana, saa ambayo hakuwahi kupiga. Alikuwa amelala kitandani na koti lake.

"Mama yake mwenzangu hajambo," alisema, bila salamu. "Alikuwa hajafungua hata kopo."

"Ahsante Mungu."

"Mlinifanyia hivi hivi kwa Mama."

Dobi alikuwa na majibu mengi aliyoyaandaa siku hizo zote. Yalipofika mdomoni aliyaona yote ni ya kujitetea, akayameza. "Ndiyo," alisema.

"Mlisema mliogopa kunivuruga. Nilivurugika, Baba. Nimevurugika mpaka leo. Kila nikikupigia simu moyo unalipuka mpaka nikuone umepokea. Kwa nini unadhani nilitaka nikuone ukinywa? Nilitaka nione mwenyewe kitu kizuri kinaingia mwilini mwako. Kumbe naona maigizo." Alivuta koti hadi kidevuni. "Na kumbe hicho chenyewe ndicho kilichokuumiza."

"Aliyeniumiza si wewe. Ningesema, ungejua. Hukuniumiza wewe hata kidogo."

"Nionyeshe mguu."

"Umepungua sasa, hauna..."

"Nionyeshe, Baba."

Alipandisha suruali, akashusha simu. Hakuwa akiona uso wa binti, alisikia tu pumzi yake. Alishikilia simu pale pale.

"Sawa," binti alisema. "Nimeona."

Dobi alipoirudisha simu usoni, alimtazama mtoto wake kama alivyokuwa hajamtazama kwa muda mrefu, kwa sababu zile asubuhi zote macho yake yalikuwa kwenye glasi. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Mifupa ya shingo ilimtoka.

"Na wewe? Leo umekula nini?"

"Nimekunywa."

"Nimeuliza kula."

Binti aligeuza simu bila kujibu. Jikoni kwake kulikuwa na jiko moja dogo, safi kama lililotoka dukani leo, na juu ya rafu makopo ya kijani yamejipanga. Hapakuwa na kitunguu. Hapakuwa na sufuria.

"Asubuhi nakunywa, jioni nakunywa," sauti yake ilisema nyuma ya picha ile. "Kina kila kitu, si uliona? Nikirudi kazini nimechoka. Na kumpikia mtu mmoja, Baba... nakata kitunguu, nakaa peke yangu na sahani, naona kama kuna mtu ananicheka."

Dobi alijua. Aliijua sahani hiyo. Ndiyo iliyomfanya yeye aishie kwenye mkate na chai. Alitaka kumwambia yale ya daktari, kwamba kijiko hakishindi sahani, lakini ilisikika kama mahubiri.

"Mimi pia sipiki," alisema.

Walitazamana kidogo, bila kitu cha kunywa mikononi.

Mambo hayakunyooka siku ile. Binti alibaki na hasira muda mrefu, na alikuwa na haki nayo. Likizo aliyoomba ya kuja nyumbani hakuipata. Kuhesabu moja, mbili, tatu hakukurudi. Alipiga siku alizoweza, na alipopiga aliuliza maswali mafupi kama muuguzi: damu imesomaje, umemeza, mguu umelalaje. Dobi alijibu ukweli hata ulipokuwa mbaya. Makopo ya chini ya kitanda alimpa mshona nguo, baada ya kumhoji kama anameza dawa yoyote, swali ambalo sasa aliwauliza hata wateja walioleta suti tu. Yeye mwenyewe alinunua sufuria ndogo. Baadhi ya Jumapili binti alimwonyesha alichopika. Mara nyingi kilikuwa kimeungua, na mara nyingi hakukimaliza.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki, pasi zikiwa zimeshika moto na mvuke umejaa dukani, Dobi aliishika simu akapiga yeye. Hakuwa amewahi kupiga yeye kwanza. Binti alipokea mara moja, nyuma yake mitambo ya ghala ikinguruma.

"Baba! Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mguu?"

"Mguu mzima. Nimepiga tu."

Dobi alisikia kengele, sauti ya mtu akiita, masanduku yakiburutwa sakafuni.

"Niko kazini, Baba. Hawaruhusu simu."

"Najua. Nenda kafanye kazi, mama."

Lakini hakukata, na baba naye hakukata. Alisikia hatua zake zikitembea, mlango ukifunguliwa, kisha upepo. Alikuwa ametoka nje.

"Kuna baridi huku," binti alisema.

"Huku kuna mvuke."

Hawakuwa na zaidi ya hayo. Walikaa hivyo kidogo, kila mtu akisikia upande wa mwenzake, mpaka binti aliposema msimamizi anamtafuta, ikambidi arudi. Dobi aliiweka simu mezani. Akachukua shati lililofuata, akalikung'uta, akalitandaza, akaanza na kola.